Solo ni Nani?

Gitega, 6 Februari 2011

Dada Anisia,

Shikamoo. Natumaini unaamka vizuri, wewe na watoto, na kwamba mvua ya huko Muyinga inanyesha kwa adabu. Ya huku inanyesha kama inayodai kitu. Wifi yako Jeska anagombana na jirani juu ya kuku, kwa hiyo afya yake ni nzuri. Mtoto ameota meno mawili na yote ameyajaribia kwenye bega langu.

Kazi yangu ya sokoni inaendelea. Siku za soko watu wa Mutaho na Gishubi wanateremka na redio zao kwenye baiskeli. Nyingi hazina ugonjwa, zina mende. Natoa mende, natia betri, wananiita injinia.

Sasa la maana. Miaka yote natengeneza redio ili wengine wasikike. Nimeamua na mimi nisikike. Nimepata studio, dada, na si kile chumba cha parokia ambako unarekodi na jogoo naye anarekodi. Hii ni studio hasa, ina kioo kati ya anayeimba na anayesikiliza, na ukutani wamebandika trei za mayai ili sauti isikimbie. Mwenyewe ni Mkongo wa Uvira, jina lake Néhémie.

"We unaimba na groupe?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Mimi ni solo."

Ungemwona! Alisimama, kiti kikaanguka. "Solo? Solo ya kweli?"

"Ya kweli."

"Ah, Mungu iko! Minatafuta solo tangu Noeli. Hapa Gitega kila mutu iko chanteur, mwimbaji tu, solo hakuna. Kuya samedi, tarehe makumi mbili na sita ya mwezi wa tatu, asubuhi. Na ulete gitare yako."

Samedi kwao ni Jumamosi. Nikauliza malipo. Akanipungia mkono kama anafukuza nzi: "Solo halipi." Dada, wengine wanasubiri miezi na bado wanalipia hata mlango. Mimi hajanisikia hata neno moja, ameshaona.

Nitarekodi ule wimbo wangu wa Kobero. Ubeti wa kwanza na wa pili ninazo. Wa tatu, si unakumbuka, ulikuwa unauimba peke yako na gitaa limenyamaza, kwa hiyo haukuwahi kuingia kwenye vidole vyangu. Niandikie upesi.

Mdogo wako anayekaribia kusikika,
Venansi


Muyinga, 27 Februari 2011

Mdogo wangu Venansi,

Marahaba. Nimefurahi kusikia kwamba Jeska anagombana. Mwanamke akinyamaza ndipo uandike haraka.

Watoto wazima. Maharage yangu yamekubali, ya Kasiano yamekubali zaidi, kwa sababu upande wake ndiko baba alikomwaga samadi miaka yote. Tangu shamba ligawanywe katikati, nusu sisi tuliotoka kambini, nusu yeye aliyelikalia tulipokimbia, Kasiano ana nyumba na mimi nina kazi ya kuitazama. Tunasalimiana. Redio yake anaiweka dirishani, kwa hiyo habari za dunia nazipata bure, ila siwezi kuchagua.

Usinipigie tena kwa simu ya Paskazia. Simu ile ikilia, majirani sita wanasema halo. Andika.

Umeandika "wimbo wangu wa Kobero". Nilisoma tena nikidhani ulitaka kuandika "wetu" na kalamu ikateleza. Haikuteleza. Umekandamiza mpaka karatasi imetoboka.

Halafu umeandika "mimi ni solo". Hapo nilikaa chini. Kule Lukole, kwenye kambi ya wakimbizi, Jumapili watu wakijaa mpaka nje ya hema la kanisa, mwalimu wa kwaya alikuwa akisema: "Solo, simama." Nani alikuwa akisimama? Wewe ulikuwa gitaa, Venansi. Gitaa zuri, hata Watanzania walikuwa wanavuka barabara kulisikiliza. Lakini solo nilikuwa mimi.

Na wimbo ule huitikiwa. Mmoja anaita, wengine wanajibu "nani hajafika?" Utajiitikia mwenyewe? Mtu anayejiuliza na kujijibu, huku kwetu tunampeleka kwa sista wa zahanati.

Magari ya Gitega yanaondoka hapa alfajiri. Nasema tu. Kitenge cha kwaya bado ninacho, panya wamekiheshimu.

Ubeti wa tatu nitakuandikia ukinijibu jambo moja: pale mbele ya kioo kuna nafasi ya watu wangapi?

Dada yako,
Anisia


Gitega, 13 Machi 2011

Dada Anisia,

Barua yako imefika na maharage yamefika, asante, Jeska amesema maharage ya Muyinga yanaiva kabla ya maji kuchemka. Mtoto sasa ana meno manne. Bega langu halina nafasi tena.

Umeuliza habari za nafasi. Mbele ya kioo ni padogo sana, dada. Mtu mmoja na gitaa lake, na hilo gitaa lenyewe linaomba radhi. Laiti pangekuwa pakubwa! Tena siku hizi muziki umebadilika. Kwaya ni mambo ya kambini. Watu wanataka msanii mmoja, jina moja, ambalo mtangazaji hawezi kulikosea.

Kuhusu "wangu", usiichukue hivyo. Ni namna ya kusema. Mtu anasema "nchi yangu" na haijawa yake.

Nilipita kwa Néhémie kuhakikisha siku yangu. "Solo yangu!" aliniita mbele ya watu. Alikuwepo na mama mmoja, Marceline, Mkongo mwenzake anayeuza vitenge sokoni. Yule mama akanitazama vidole, hakunitazama uso, akamwuliza: "Ni huyu?"

"Ni yeye," akasema Néhémie.

"Iko na vidole nzuri."

Unaona? Sijaimba, tayari nina wapenzi. Nikamwuliza Néhémie nitaimba kwa muda gani. "Utaimba?" akasema, akacheka mpaka akashika meza. Nami nikacheka. Wakongo wana utani.

Ubeti wa tatu, ukiona vyema nitumie. Ukiona si vyema nitarudia wa pili. Wasikilizaji hawahesabu.

Mdogo wako,
Venansi


Muyinga, 24 Machi 2011

Venansi,

Marahaba ya ile shikamoo uliyosahau kuandika. Watoto wazima, mbuzi mzima, mimi nina kikohozi cha vumbi ambacho kinaondoka nikiimba.

Umesema wasikilizaji hawahesabu. Wimbo wenyewe unasema tuhesabu.

Basi nakuandikia, na sikuandikii kwa ajili yako. Siku ile tuliyokimbia vita ulikuwa na miaka minane, umeshika kitenge changu kwa nyuma, na unachokumbuka ni kwamba uliahidiwa muwa. Mimi nilisikia yote. Tulikuwa tumeshafika kwenye mikaratusi chini ya kilima. Baba akajipapasa mfukoni, akasema, "Ngojeni, sijafunga mlango." Mama akamwambia, watu wanakimbia, mlango ni kitu gani? Akasema, "Nyumba isiyofungwa ni ya kila mtu." Akarudi. Tukavuka mpaka wa Kobero bila yeye.

Mama kaburi lake liko Lukole, tulilijengea mawe. Baba hana kaburi. Ana ubeti.

*Baba alirudi, alirudi, kufunga mlango wetu.*
*Ufunguo anao yeye, yeye sisi hatunaye.*
*Tuhesabu, tuhesabu: nani hajafika?*

Soma vizuri: kufunga. Na hapo gitaa linanyamaza. Linanyamaza kabisa, lisiguse hata waya mmoja, mpaka watu wameitikia. Ukilipiga hapo utakuwa unatembea juu ya mtu.

Barua hii nampa mtu anayekuja huko.

Anisia


Gitega, 10 Aprili 2011

Dada mpendwa,

Shikamoo, na nyingine tena kwa ile niliyosahau. Huku hatujambo wote. Kuku aliyeleta ugomvi ameliwa, hatukusema na nani, na jirani amerudi kutusalimia.

Kazi imefanyika! Jumamosi ile nilivaa shati la harusi. Vidole havikukosea hata mara moja, Néhémie amesema tangu aje Burundi hajapata solo kama mimi. Kulikuwa na joto, wakaacha mlango wazi, watu wa barabarani wakasimama kusikiliza.

Na barua yako, dada, Mungu anajua saa! Tulikuwa tumeshaanza. Mama Cibalonza, mkwe wake Néhémie, yule anayekaa benchi la mlangoni, akaingia nayo mkononi: "Wamesema mupatie solo." Bila shaka ni Urbano na lori lake la vitunguu. Hakusubiri hata nimpe maji. Mpe asante yangu.

Ubeti wa tatu uliimbwa. Uliimbwa vizuri sana, watu walishika mashavu.

Redio wataupiga mwezi ujao, Jumapili ya tarehe nane, baada ya matangazo ya vifo. Jina langu litatajwa, Néhémie ameniapia. Waambie wote, hata Paskazia. Hasa Paskazia.

Mdogo wako,
Venansi


Muyinga, 9 Mei 2011

Venansi mdogo wangu,

Marahaba mbili, nimezipokea. Watoto wazima. Kikohozi kimerudi.

Jana tumekusikia. Nilimwambia Paskazia, Paskazia akaiambia parokia, kwa hiyo baada ya misa walikuja watu wengi kuliko walivyokuja siku nilipopata malaria. Redio iliyo karibu ni ile ya Kasiano, pale dirishani. Tukasimama kwenye ua, upande wangu. Kasiano akaigeuza itutazame. Nyumba ya baba ikatuimbia wimbo wa baba, na sisi tuko nje.

Mtangazaji akasema: "Mama Marceline na wimbo wake mupya, *Baba Alirudi*. Kwenye solo, Venansi." Paskazia akapiga vigelegele. "Wamemtaja! Solo! Wamesema solo!" Nikamwambia naam, wamesema.

Ndipo akaanza kuimba mwanamke.

Sauti nzuri, siwezi kumnyima. Sauti ya mtu aliyekula. Gitaa nililitambua kabla yake, lile la kuteleza kama anayekimbia kwenye matope, hilo ni lako na hakuna mwingine. Watu wakaniuliza, "Venansi anaimba lini?" Nikawaambia, ngojeni. Tukangoja mpaka tangazo la sabuni.

Sasa nina mambo machache, na wewe utajibu unayoweza.

Uliandika "ubeti uliimbwa". Hukuandika "niliimba". Nilijifunza kusoma nikiwa mkubwa, kwa kuchora herufi kwenye mchanga wa kambi, na mtu aliyejifunza hivyo haruki neno.

Ubeti wa tatu gitaa hunyamaza. Redioni halikunyamaza.

Mimi niliandika *kufunga*. Yule mama ameimba *kufungua*. Mstari wa pili, wa ufunguo, ameuacha, ameurudia wa kwanza mara nne: baba alirudi, alirudi, kufungua mlango wetu. Mwandiko wangu haukosewi, kila herufi ina mguu wake. Hiyo *u* nani ameiweka?

Kasiano aliongeza sauti. "Wimbo mzuri," akaniambia juu ya ua. "Baba karudi, kafungua mlango. Ndiyo amani hiyo. Ni wa kwenu?"

Nikamwambia ulikuwa.

Na Urbano sitampa asante yako. Lori lake liko juu ya mawe tangu Januari, magurudumu ameuza, hajafika Gitega mwaka huu. Niulizie tu: Mama Cibalonza, ule mguu wake wa kushoto uliofungwa kitambaa cha bluu, umepona? Nilimwambia aukande na maji ya chumvi, sijui kama alisikia. Alikuwa ameshughulika na mihogo.

Anisia


Gitega, 5 Juni 2011

Dada,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara nimeishia kwenye salamu. Jeska yupo, mtoto yupo. Mguu wa Mama Cibalonza umepona.

Ulikuwa pale. Benchi lile na mlango ni mtu kunyoosha mkono tu. Kwa nini hukuingia?

Nitasema ilivyokuwa. Nilifika na shati langu, nikamkuta Marceline ameshasimama mbele ya kioo, amevaa yale masikio ya kusikilizia. Nikadhani anamaliza zamu yake. Néhémie akanivutia kiti pembeni, akachomeka gitaa langu. Nikasema, mimi nimekuja kuimba.

"Kuimba? Si ulisema uko solo?"

"Ndiyo, solo. Peke yangu."

Akanitazama. Halafu akamtazama Marceline. Kwao solo ni gitaa, dada. Lile gitaa la mbele, linalotembea juu. La nyuma wanaliita rithimu. Tangu Februari mtu yule alikuwa akishangilia mpiga gitaa, na mimi nilikuwa nikishangilia naye. "Pole, fundi," akasema, "lakini samedi hii ni ya Mama Marceline, alilipa tangu zamani. Tupigie tu."

Ningeondoka. Shati lilinizuia. Mtu hawezi kurudi nyumbani mapema na shati la harusi.

Wimbo wa Marceline ulikuwa haujaiva, ulikataa kila upande. Nilipokuwa napasha vidole moto nikapiga Kobero kidogo. Akasema, "Hiyo ni nini?" Nikasema ni wimbo wangu. Akasema, "Nipatie, papa, tafazali." Ningejibu nini? Nilikuwa nimeshasema ni wangu. Kilicho chako unaweza kukitoa. Ndipo barua yako ikaingia.

Wao si watu wabaya. Marceline alinikumbatia. Walininunulia Fanta.

Kuhusu hayo mengine, maneno ya nyimbo ni mambo ya studio, wanajua watu wanapenda nini. Wakati huu watu wanarudi. Hakuna anayetaka mlango uliofungwa.

Lakini nimefanya jambo. Nimerudi kwa Néhémie, nimemwomba siku. Jumamosi tarehe kumi na sita Julai, asubuhi, watu wawili. Nimemwambia: mwimbaji ni dada yangu, mi ni solo. Safari hii tumeelewana. Nimepapima pia pale mbele ya kioo, si padogo kama nilivyodhani. Njoo na kitenge. Nitakungoja kwenye magari.

Mdogo wako, gitaa,
Venansi


Muyinga, 3 Julai 2011

Mdogo wangu,

Marahaba. Kiangazi kimeingia, vumbi linakaa mezani na sisi kama mgeni. Watoto wazima. Nashukuru kwa habari za mguu.

Umeuliza kwa nini sikuingia. Nilifika asubuhi ile na kitenge kimenyooka, barua mkononi, kwa sababu nilijisemea: nafasi hata kama ni ya mtu mmoja, mimi si mnene. Mama Cibalonza akaniuliza, "Unatafuta nani?" Nikasema namtafuta solo. Akasema, "Solo iko ndani, anapiga." Mwanzoni sikuelewa, nikadhani mnapigana. Nikampa barua, nikasema mpe solo, nikakaa nisubiri uitwe nje, unione, ucheke.

Ndipo sauti ya yule mama ikatoka mlangoni, na maneno yangu yakiwa ndani yake, wino haujakauka. Nilijua umesoma barua. Nilijua pia umemsomea. Mama Cibalonza akaona mikono yangu haina kazi, akanisukumia kisu. Tukamenya mihogo mpaka ubeti ukaisha. Nikanawa, nikaenda kwenye magari.

Ningeingia kusema nini? "Huo ni wangu"? Ulishalisema wewe.

Kuhusu ile *u* hukuandika kitu. Nimesoma barua yako, nimeigeuza nikasoma mgongo wake. "Mambo ya studio." Basi nimejibiwa. Ulikuwa na kalamu mfukoni, unatembea nayo siku zote kwa ajili ya risiti za redio.

Huku wimbo umeshamiri. Watoto wanauimba kisimani. Harusini wakifika kwenye "nani hajafika?" wanageukia upande wa bia. Kila mtu anafungua mlango. Nimesikia hata mtu anayekaa kwenye nyumba ya mwenzake anaufungua, tena kwa sauti ya pili.

Usiniwekee saa kwa Néhémie. Mpe mwingine, wako wengi wanaosubiri. Mimi nimeshaimba.

Alhamisi iliyopita Kasiano aliniita juu ya ua. Anamwoza binti yake Agosti. "Mama Anisia," akasema, "wanasema wimbo ule mama yake hasa ni wewe. Redio wanakata maneno. Nifundishe wote, niuimbe siku ya mwanangu." Alikuwa anafunga mbuzi kwenye nguzo ya mlango, ile ambayo mimi na wewe tulipimiwa urefu. Alama zako bado ziko, zinaishia chini.

Nikamwambia, kaa, nitakuimbia.

Nikaimba nikiwa upande wangu wa ua. Sikuwa na gitaa, kioo wala trei za mayai. Nikaita mwenyewe, nikaitikia mwenyewe, usimwambie sista wa zahanati. Ubeti wa kwanza Kasiano alitikisa kichwa. Wa pili akapiga makofi kidogo, anajua kupiga makofi. Wa tatu nikauimba ulivyo, *kufunga*, bila *u*. Nikaimba na mstari wa ufunguo. Makofi yakakoma. Nikamwuliza nani hajafika, kwa sababu wimbo ndivyo unavyouliza, na hapo lazima mtu anyamaze mpaka ajibiwe. Nikanyamaza, namtazama.

Kamba ya mbuzi ikamtoka mkononi. Aliinuka polepole kama mtu aliyekumbuka jiko, akaingia ndani kwa baba, akafunga mlango. Nililisikia lile komeo la mti alilolichonga baba mwenyewe. Mwishoni bado linakwama kidogo, halafu linaingia.

Anisia